Jibu: Atelier des Lumières, Paris, kuingia katikati ya onyesho

Yaya, uliuliza kama kuchelewa kidogo kunaharibu onyesho la Atelier des Lumières, ukumbi wa Paris unaoonyesha michoro kwa mwanga wa projekta. Hapana: picha zinazunguka, kwa hiyo ukikuta ya katikati, baki mpaka mwanzo urudi. Kinachobana ni saa iliyo kwenye tiketi; inunue mapema kwa intaneti.

Jengo lilikuwa kiwanda cha kuyeyushia chuma (sisi wa Lubumbashi, mji wa kuyeyusha shaba, hatushangai), likafunguliwa kwa maonyesho mwaka 2018. Shuka metro Rue Saint-Maur, laini ya 3. Usitarajie kuona michoro halisi. Ni mwanga wa projekta tu ukutani na sakafuni.

Ukipata kizunguzungu humo, ni kwa sababu sakafu inaonekana kutembea huku mwili umesimama. Keti chini, egemea ukuta. Zima flashi ya simu, inafifisha rangi za picha ukutani.