Mfumko wa bei umeshuka, mbona bei hazijarudi?

Ndugu yetu ameuliza inakuwaje mfumko wa bei nchini Kenya utangazwe kuwa asilimia 2.7 mwezi Oktoba 2024, ilhali yeye hajaona nafuu yoyote mfukoni. Swali hilo nimelihesabu daftarini mwangu, kwani nauza mahamri na mbaazi hapa Mombasa tangu kabla ya korona.

Asilimia hiyo haisemi kwamba bei zimepungua. Inasema zimepanda kidogo tu, tena kwa kulinganishwa na Oktoba ya mwaka uliotangulia peke yake. Chukua vitu ulivyonunua kwa shilingi 100 mnamo Oktoba 2021: mwaka uliofuata mfumko ulikuwa asilimia 9.6, vikafika karibu 110. Oktoba 2023 ulikuwa 6.9, vikafika 117. Na hiyo 2.7 ya mwisho ikavifikisha 120. Jirani yangu mlinzi, ambaye mshahara wake haujaguswa tangu 2021, kufikia Oktoba 2024 kila shilingi mia aliyolipwa ilimnunulia vitu vya shilingi 83 za wakati ule, na hata mfumko ukifika sifuri hatarudishiwa zile 17 asipoongezwa mshahara.

Hata hivyo, vipo vilivyoshuka kweli. Ngano yetu nyingi huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola, na dola iliyofika takriban shilingi 160 mwezi Januari 2024 ilishuka baadaye mwaka huo hadi takriban 129. Petroli nayo, iliyouzwa Nairobi kwa shilingi 217.36 lita moja Oktoba 2023, ilikuwa 180.66 mwaka mmoja baadaye. Unga ulipokuwa ghali sikuthubutu kupandisha bei ya hamri kutoka shilingi kumi, maana watoto wa shule huja na sarafu moja mkononi, nilipunguza donge. Kilo ya unga iliyokuwa ikinipa mahamri 20 ikawa inatoa 26, na mzee mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alilipasua hamri lake, akalipima kwa macho kiganjani, kisha akala bila kusema neno. Siku ile niliona haya sana. Unga uliposhuka nilirudi hadi mahamri 23 kwa kilo, lakini 20 sijaweza, kwa sababu kodi ya kibanda ilikwisha kupanda, na sijaona mwenye nyumba anayeshusha kodi kwa kuwa mafuta yameshuka.

Lipo pia suala la mikopo, ambalo naona tunalipuuza. Mfumko ulipotulia, Benki Kuu ya Kenya ilipata nafasi ya kushusha riba yake, ambayo mabenki huitazama yanapopanga riba za mikopo, kutoka asilimia 13 hadi 12.75 mwezi Agosti 2024, kisha 12 mwezi Oktoba. Mkopo nilioununulia friji ulipandishiwa riba upesi sana wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka ilinibidi niende mwenyewe kuuliza, nikaambiwa niandike barua, nami nikaandika.

Kwa hiyo, ndugu, kama una mkopo wa riba inayobadilika, usingoje kupigiwa simu, andika barua. Na ukikaa na mwajiri wako kuzungumzia nyongeza, akikutajia mfumko wa mwaka mmoja tu, kama ile 2.7, mwonyeshe hesabu ya miaka yote, kwa sababu mshahara uliosimama tangu 2021 ulihitaji, kufikia Oktoba 2024, nyongeza ya asilimia 20 ndipo ufike ulipokuwa.