Tusi Lililooga

Nilianza kazi karakana chini ya fundi mmoja mwenye mdomo mchafu kuliko ndoo ya oili. Spana ikiteleza akajigonga, ziba masikio: inatukanwa nati, anatukanwa aliyeitengeneza, na ukoo wake wote. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; mzee wangu alijikwaa vyote kwa mpigo. Dakika mbili baadaye ananiita, "Mwanangu, nimulikie hapa," na kazi inaendelea.

Ofisini alikuwepo karani asiyetukana kamwe. Salamu zake kamili, sauti ya chini. Siku moja aliajiriwa kijana ambaye akifungua mdomo tu unajua kwao wapi. Karani akatabasamu: "Hawa ni kama mchwa. Ukimwona mmoja, ukutani wamo elfu." Tukacheka. Nami nilicheka. Kijana mwenyewe alicheka, kicheko cha kuazima, na tangu hapo akawa anakula peke yake nyuma ya stoo. Miezi michache baadaye vifaa vikapotea. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Begi lililopekuliwa lilikuwa moja tu.

Nililelewa nikijua kwamba kuna maneno ukiyataja unakula kofi, mengine yote ruksa. Kwa kipimo hicho fundi angefukuzwa na karani angepewa cheti cha tabia njema. Siku hizi napima hivi: nachomoa neno chafu kwenye sentensi, naangalia kilichobaki. Ya fundi inabaki "nati imekaza." Ya karani haina cha kuchomoa.

Na si ya karani tu. Redio RTLM ya Rwanda, mwaka 1994, iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Mende si tusi, ni mdudu wa jikoni. Lakini kila mtu anajua mende hufanywa nini. Kenya nayo, mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliweka "madoadoa" kwenye orodha ya maneno ya chuki. Neno la nguo na ng'ombe! Ila ukishawaita majirani zako doa, kinachofuata ni kufua. Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa, wa 2012, unataja mambo sita ya kupima uchochezi: muktadha, msemaji, nia yake, alichosema na namna alivyokisema, kimeenea kiasi gani, na uwezekano wa kuleta madhara. Uchafu wa neno haujapewa namba yake.

Tusi la maumivu, kwa upande wake, lina hata kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu waliokuwa wakirudia tusi walivumilia mkono kwenye maji ya barafu muda mrefu kuliko walipotaja neno la kawaida. Fundi angewaambia bure.

Sisemi matusi ni maji ya kunywa. Ukimtukania mtu mama yake usoni umemuumiza, na unadaiwa samahani. Lakini hilo lina mwisho: mlikosana, mkatukanana, mkapatana. Aliyeitwa mchwa aombe radhi kwa lipi, kwa kuzaliwa?

Kwa hiyo, ukiwa kwenye kicheko cha namna ile, usicheke. Huhitaji kuhutubia, uliza tu kwa upole, "Mchwa kivipi?" Mzaha ukilazimishwa kujieleza hukauka palepale. Kisha mfuate aliyesemwa, kaa naye, na tafadhali usimwambie azoee. Wanangu wakija na tusi jipya nawaambia tu hapa si mahali pake, basi. Lakini mmoja aliposema "sisi hatuchezi na wale, wananuka," nilizima runinga, nikamkalisha, na tukaongea mpaka usingizi ukamchukua.

Vile vifaa vilionekana baadaye, vilikuwa vimeangukia nyuma ya kabati. Kijana alikuwa ameshaacha kazi. Fundi alipoviona alitukana kuliko siku zote nilizomjua, na safari hii hakuwa amejigonga popote.