Muulize Mjomba: boti kukwama Toten, popo wa Amboni na safari ya Amani

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kutoka nje, nadhani kwa sababu shule zinakaribia kufungwa na watu wamechoka kukaa ndani. Nimechukua nne.

Mjomba shikamoo. Juzi tulikuwa washkaji sita tukakodi boti asubuhi kwenda kisiwa cha Toten, kwenda tulifika poa kabisa ila saa nane mchana tunataka kurudi maji yamekimbia, boti imekaa mchangani, tumekuja kutoka jua linazama. Mwenye boti anasema eti ni kawaida. Hivi ni kawaida kweli au tulipigwa? – Mshkaji, Ngamiani

Marahaba mpwa wangu. Hamkupigwa, ila huyo mwenye boti angewaambia kabla hamjapanda maana yeye anajua. Haya ngoja nikupe hesabu yenyewe, siku hizi kila mtu anachungulia simu na mwezi uko juu pale unaonekana bure. Mwezi ukiandama, na tena ukifika siku ya kumi na nne, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa mno na yanakupwa mno, hapa kwetu Tanga tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Siku za bamvua yanakuwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yanajaa kwenye saa kumi jioni, saa nne usiku yamekwenda zake tena. Halafu kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo nyie mkikwama saa nane mchana mimi nakisia mwezi ulikuwa kumi na nane au kumi na tisa, na hapo hata nahodha mzuri vipi angekaa tu asubiri.

Ukishika hiyo hesabu mambo mengi yanakuwa rahisi. Unataka kutembea kwenye mwamba kuangalia kaa na viti vya pweza, nenda bamvua asubuhi na uvae raba kuukuu, usiende na ndala, ile miiba myeusi ya baharini ikikuingia kwenye unyayo utaita mama. Unataka kuogelea Raskazone na watoto, tafuta maji mafu, yaani yasiyojaa wala kukupwa sana, mwezi ukiwa na siku saba nane au ishirini na moja ishirini na mbili, hapo maji yanajaa asubuhi asubuhi kwenye saa nne hivi na hayana fujo. Toten nenda yakiwa yanajaa na urudi yakiwa bado hayajakimbia, au kubali moja kwa moja kwamba unashinda. Na kushinda si vibaya, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani mle vichakani, ila bebeni maji ya kunywa ya kutosha maana kisiwa kitupu kile hakina duka.

Kisiwa cha Jambe ni habari nyingine, kule umeshatoka nje ya ghuba. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi likivuma mchana mimi siendi na simshauri mtu aende na boti ndogo, subiri maleleji ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, bahari imetulia na maji yanaonyesha mpaka chini. Na jaketi la kuokolea vaa, usilikalie.

Mjomba habari za kazi. Nina watoto wawili, wa miaka saba na kumi, wanang'ang'ania Mapango ya Amboni. Bibi yao anasema kule kuna mizimu na popo na mtu anaweza kuingia akatokea Mombasa. Niwapeleke au niwadanganye na aiskrimu? – Mama Wawili, Mikanjuni

Nzuri dada yangu, wapeleke. Aiskrimu iwe ya kurudi nayo. Ni kama kilomita 8 tu toka mjini kwa barabara ya Horohoro, bajaji inafika, na baiskeli inafika pia, hii si ndo Tanga bwana.

Hili la Mombasa hata mimi nimekua nalisikia, wengine wanasema Kilimanjaro, kuna na hadithi ya mbwa aliyepotelea mle akaonekana huko. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima wakakuta mapango kumi na refu kuliko yote lina mita 900, yaani hutoki hata Amboni yenyewe. Watoto waambie pango lilivyotokea lenyewe, hiyo ndo stori: mawe yale ni chokaa ya tangu zama za mijusi wakubwa, miaka kama milioni 150, na maji ya mvua yanapopita ardhini yanakuwa na ukali fulani yanaila chokaa tone kwa tone mpaka panabaki uwazi, halafu chokaa ileile ikidondoka na maji inagandia darini inaning'inia. Waambie na Osale Otango, yule aliyewasumbua wakoloni miaka ya 1950 akawa anajificha mapangoni humo. Watasahau simu hapohapo.

Mizimu sasa. Kuna chumba watu wanapeleka nadhiri zao, mtayaona matambiko, na hapo waambie watoto wasishike kitu wala wasicheke, si pa kwetu kuchekea. Popo wapo kweli, hawana shida na mtu. Mkiweza kubaki mpaka magharibi mtawaona wanavyotoka mdomoni mwa pango, na hapo ndo bibi mtu angetakiwa awepo. Ingieni na muongozaji, kila mtoto na tochi yake, na kuna sehemu mnainama mpaka magoti kwa hiyo nguo nyeupe iache nyumbani. Masika ikiwa imekolea ahirisha, panateleza.

Mjomba, nikijifunza kuzamia ntamuona silikanti, yule samaki wa kale? – Fundi Simu, Chuda

Hapana. Anakaa chini sana, mita mia na zaidi, kwenye giza. Hapa Tanga amejulikana kwa kunaswa na majarife ya papa kuanzia 2003, na ndo sababu ya ile hifadhi ya bahari ya mwaka 2009. Samaki aliyedhaniwa amekwisha miaka milioni 60 na zaidi mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938, usitegemee atapanda kukusalimia. Jifunze kuzamia kwa ajili ya matumbawe.

Tunataka kwenda Amani, kule milimani Usambara, na wenzangu wa kazini, watu kumi na tano, Coaster moja, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana? – Mhasibu, Chumbageni

Inawezekana na mtachukia. Mpaka Muheza ni lami, raha tupu, mnanunua machungwa mnacheka, baada ya hapo ni mlima na kona, na Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka kwa hiyo utelezi haukosi. Mkifika mmechoka, mnapiga picha kwenye bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, mnageuza. Kitu gani sasa.

Laleni usiku mmoja, Zigi au juu Amani kwenyewe. Usiku toka na tochi na muongozaji mmulike matawi, vinyonga wakilala rangi inapauka, mtawaona kirahisi kuliko mchana. Asubuhi tafuteni kwenye mawe ya kando ya vijito lile ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani mmoja alilikuta Usambara mwaka 1892 mbegu zikapelekwa kwao, leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima kwa jina la African violet na sisi wenyewe hatulijui. Na mkifika mto Zigi muuangalie vizuri, ndo huo unaoingia bwawa la Mabayani, na ndo maji ya bomba mnayooga hapo Chumbageni.

Coaster iacheni Muheza, tafuteni gari za juu mbili. Januari au Februari ndo wakati mzuri, na mkija kuniambia mmeenda Aprili sitaki kusikia.