Bunduki ya upepo: kasi ya kwenye boksi isikudanganye

Nimeona bunduki mbili za springi, zile ambazo springi husukuma pistoni ibane hewa. Boksi la moja limeandikwa mita 380 kwa sekunde, la pili 250. Si yenye kasi ndiyo yenye shabaha?

Hapana, na hapa wengi hupoteza fedha. Kasi hiyo kubwa kwa kawaida hupimwa kwa kidonge (kirisasi cha bunduki hii) chepesi mno, ambacho pengine hutakitumia kamwe. Isitoshe, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kidonge kilichoivuka kasi hiyo huyumba kikianza kupungua mwendo. Bunduki za mashindano ya Olimpiki ya mita 10 hupiga chini ya mita 200 kwa sekunde, na pointi 10 ni kinukta cha milimita 0.5. Chukua ya 250. Hata kuikoki, yaani kuibana springi kabla ya kupiga, hakutakutoa jasho, na mkono usiochoka hulenga vizuri.

Yangu ilikuwa inapiga palepale, sasa vidonge vinatawanyika. Mtutu umekwisha?

Mtutu uwe wa mwisho kulaumiwa. Vidonge vingi ni vya madini ya risasi, nayo ni laini kuliko chuma, kwa hiyo mtutu huchakaa polepole sana. Anza na skrubu za kitako. Niliwahi kumaliza wikiendi tatu nikirekebisha darubini ya kulengea, kumbe skrubu ya mbele ilikuwa inazunguka kwa vidole. Springi hutikisa kila kitu, basi zikaze mara kwa mara, kwa kiasi.

Kisha hakikisha haina kidonge, funga mtutu, uutikise kwa mkono. Ukicheza kwenye bawaba, pale unapokunjikia, hapo pana kazi ya fundi. Darubini nayo ichunguze: bunduki ya springi huruka nyuma, halafu ghafla mbele, na darubini isiyotengenezwa kwa bunduki za upepo hulegea ndani. Mwisho, mwaga vidonge kwenye kitambaa cheupe. Kile ambacho ukingo wake wa nyuma umebonyea, weka kando.

Muuzaji anataka niijaribu kwa kuifyatua tupu. Nikubali?

Kataa kabisa. Kidonge huizuia hewa kwa kitambo kidogo sana, nayo hewa hiyo iliyobanwa huipokea pistoni kama mto wa kulalia. Kisipokuwepo, pistoni hugonga mwisho wa silinda kwa nguvu zote. Sili, ile inayozuia hewa kuvuja, hupasuka, springi huharibika. Iliyofyatuliwa tupu na kila mteja imeshazeeka kabla hujainunua.

Ya springi au ya mtungi wa hewa, ipi itadumu?

Ya mtungi haina mshtuko, ni rahisi kulenga nayo. Lakini hujazwa hadi shinikizo la baa 200 au zaidi, hutegemea ringi za mpira, na hewa yenye unyevu huleta kutu ndani. Mitungi ya mashindano huruhusiwa miaka 10 tu. Kama fundi yuko mbali, springi.

Mafuta kiasi gani?

Matone kwenye bawaba. Kwenye silinda usimimine: mafuta yaliyobanwa huwaka kama kwenye injini ya dizeli, na sili huungua.