Mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo

SWALI: Binti yangu alizaliwa salama, akafariki usiku huohuo kabla hatujambatiza. Mama mkwe anasema watoto kama hao hawaingii mbinguni, na zamani walizikwa nje ya makaburi ya kanisa. Ni kweli? – Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Pole sana, mama. Mama mkwe anasema alivyofundishwa. Sheria za Kanisa Katoliki za 1917 ziliwanyima wasiobatizwa mazishi ya kanisa, watoto pia.

Mzizi ni Agostino, askofu na mwanateolojia wa karne ya 5: dhambi ya asili, ile ya Adamu, inamgusa hata mtoto mchanga, basi asiyebatizwa amehukumiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa Zama za Kati wakalainisha wakasema kuna limbo: hakuna mateso, ila Mungu haonekani. Limbo haikuwahi kutangazwa kuwa fundisho la imani, lakini hofu yake ilikuwa kubwa mno.

Huko Oberbüren, Uswisi, karne ya 15, wazazi walipeleka vichanga waliozaliwa wafu, wakitumaini watapata uhai hata kidogo wabatizwe. Mwili ulipashwa joto kwa makaa na mishumaa, unyoya ukawekwa midomoni. Unyoya ukitikisika, walisema mtoto amepumua. Akabatizwa upesi, akazikwa. Kilichoutikisa ni hewa ya moto, lakini nani angemlaumu mzazi yule? Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hapo mifupa ya watoto wapatao 250. Roma ilikataza ubatizo wa namna hiyo mwaka 1729.

Hofu hiyohiyo iliwafanya wakunga wafundishwe kubatiza, na hadi leo yeyote anaweza kubatiza mtoto akiwa hatarini. Mimina maji kichwani yatiririke juu ya ngozi, huku wewe mwenyewe ukisema: “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Mmoja akimimina na mwingine akasema, ubatizo si halali. Maji yakiishia kwenye kofia au nywele, unabaki na shaka. Kama hujui yu hai, anza na “Kama u hai”. Kisha parokia ijulishwe, iandike.

Kwa binti yako: tangu 1983 sheria inamruhusu askofu kukubali mazishi ya kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilieleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Kama ameshazikwa, mwone paroko uombe Misa. Kitabu cha Misa kina sala za mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo. Mpe paroko jina la binti yako, alitaje.