Kabla Hujapanda Jukwaani: Kwa Vijana wa Usalama na Afya Kazini

Wadogo zangu, mkutano wa juzi hapa AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, nimewatazama kwa makini, na nimeona tuseme mapema kabla ya mwingine. Mmevaa vizuri, mmewahi, mmepiga picha kila slaidi iliyopita ukutani. Lakini kwenye maswali, kimya. Kwenye chai, mnakaa watu wa ofisi moja meza moja. Kesho yake nusu yenu mko Ngorongoro mnaangalia faru. Faru ni wazuri, ila mwajiri wako amelipa ada ya ushiriki ili ujifunze namna ya kumlinda mchimbaji na mchambua kahawa.

1. Ratiba isome usiku ule ule unapoipata. Jengo lina mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na vikao vikienda sambamba utazunguka kwenye korido hadi mada yako iishe. Kama ni Juni au Julai, njoo na sweta. Nyie wa Dar mwaka huu tena mmetutetemekea mle ndani.

2. Kabla hujambishia mtoa mada, jua anatumia kikomo cha nani, yaani kiwango cha juu kinachoruhusiwa na nani. Kijana mmoja alisimama kumwambia mgeni kuwa takwimu zake za kelele si sahihi. Zilikuwa sahihi. Wengi wetu tumefundishwa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Sheria ya Marekani inaanzia 90, na muda unakatwa nusu kila desibeli 5. Chukua mashine ya kusaga inayotoa desibeli 100: kanuni ya kwanza inampa mfanyakazi dakika 15, ya pili inampa saa 2. Sikio ni lile lile. Swali zuri lilikuwepo pale: kwa nini nchi tajiri namna ile bado inaruhusu saa 2? Hilo lingewasha ukumbi mzima. Badala yake muda uliishia kwenye mabishano ya hesabu, na mwenyekiti akafunga kikao.

3. Mabanda ya maonesho. Jamani, mifuko na kalamu mnavipenda mno! Nimemkuta binti mwenye akili nyingi, anafanya kazi na wachimbaji upande wa Mirerani, anakusanya vipeperushi vya barakoa tu. Nikamwuliza, drili zenu mnatumia maji? Akasema wanachoronga bila maji. Basi, mwanangu, barakoa ndiyo ya mwisho kwenye ngazi ya udhibiti, yaani mpangilio wa hatua za kuzuia hatari, na wewe umeanzia hapo. Vumbi la silika, linalotoka kwenye mwamba unapochorongwa, likishaingia kwenye mapafu na kuyatia makovu, hakuna dawa ya kuyafuta. Tangu 2016 kikomo cha Marekani kwa silika viwandani na kwenye ujenzi ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo, kiasi ambacho macho hayawezi kukiona hewani, na chini ya shimo watu wanachoronga hadi hawaonani. Tafuta banda la pampu za maji na feni za kuingiza hewa. Maswali ya barakoa yafuate baadaye, pamoja na swali la nani atazipima kama zinakaa vizuri usoni.

4. Hili la kupanda jukwaani na majibu ambayo wafanyakazi waliopimwa hawajapewa nitalisema kwa kirefu kwa sababu mwaka huu nimewaona watatu mkilirudia, na mimi najua linaishia wapi.

Tulikuwa tumepima vumbi kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa Moshi. Kazi ya kawaida: pampu ya kuvuta hewa kiunoni mwa mfanyakazi, filta karibu na pua, mtiririko wa hewa unapimwa kabla na baada, fomu zinajazwa. Vumbi la kahawa mbichi si uchafu tu. Linabeba endotoksini, sumu inayotokana na bakteria, na chembe zinazoleta mzio, kwa hiyo kifua kubana na kikohozi cha asubuhi ni vitu vya kutegemea kwa watu wanaolivuta miaka na miaka. Viwango vya vumbi tulivyopima vilitoka vya kadiri. Tukaandika muhtasari, ukakubaliwa mkutanoni, nikapanda jukwaani. Kwenye slaidi niliweka picha ya dada mmoja akiwa kwenye mashine, uso wake waziwazi.

Maswali yalipofunguliwa akasimama mwanamume wa makamo katikati ya ukumbi. Alikuja na ujumbe wa chama cha wafanyakazi. Akasema kwa upole kabisa, "Mtaalamu, samahani. Huyo dada kwenye picha nafanya naye kazi. Haya majibu mnayotuonyesha hapa, yeye ameshapewa?"

Hakuwa amepewa. Hakuna aliyekuwa amepewa. Ripoti ilikuwa kwa menejimenti, nakala ofisini kwetu, na sasa mbele ya wageni kutoka nchi kadhaa. Waliobeba pampu zetu viunoni kutwa nzima ndio walikuwa wa mwisho kujua wanachokivuta. Nilijibu kwamba bado, na kwamba nimekosa. Sikuwa na jibu jingine.

Tulirudi Moshi na karatasi za majibu, tukaomba kukaa na wafanyakazi mbele ya mwakilishi wao wa usalama na afya. Nilidhani tunakwenda kuomba radhi tu. Mama mmoja akaitazama karatasi yake, akauliza tulikuwa tunavua pampu saa ngapi. Tukamtajia. Akasema, "Nyie mkiondoka ndipo vumbi linaanza."

Mwisho wa zamu walikuwa wanasafisha mashine kwa kuzipuliza na hewa ya kompresa. Ukumbi mzima unakuwa ukungu. Sisi tulikuwa tunavua pampu kabla ya hapo ili tuwahi gari la Arusha. Kwa hiyo kile nilichokionyesha jukwaani kama wastani wa zamu kilikuwa kimeacha nje saa mbaya kuliko zote. Tulipopima upya, pampu zikabaki viunoni hadi mtu wa mwisho ameweka chini mpira wa kompresa, na namba zikapanda sana. Kwa namba hizo ndipo pendekezo la kunyonya vumbi kwa mashine badala ya kulipuliza liliposikilizwa.

Mnaona ninachowaambia? Majibu yakienda kwa wafanyakazi kwanza, wao ndio wanaokuonyesha ulipokosea, kwa sababu wao wako pale saa ambazo wewe uko barabarani. Sheria Na. 5 ya 2003, ile yetu ya usalama na afya mahali pa kazi, imewaweka wawakilishi wa usalama na afya kazini, anzia kwao. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kwenye haki za msingi kazini, na mwaka huu nimesikia wengi mkiinukuu tarehe hiyo kwenye utangulizi wenu. Basi ulizeni pia nani kiwandani kwenu ameyasikia majibu yake. Picha ya mtu, omba ruhusa kwake mwenyewe, si kwa meneja wake.

5. Bango lako likiwa na maneno mengi hakuna atakayelisoma. Weka mchoro mmoja na simama karibu nalo wakati wa chai.

6. Kaa na usiowajua. Mgeni anayeshughulika na pamba au katani kwao ana shida za vumbi zinazofanana na zako kuliko unavyodhani, na atafurahi ukimwuliza walifanyaje.

7. Ripoti ya safari iandike wiki hiyo hiyo, na iwe na jambo moja ambalo kituo chako kinaweza kulianza bila bajeti mpya.

Anayetaka nimpitie wasilisho lake kabla ya mkutano ujao aniletee mapema, siyo usiku wa kuamkia zamu yake, na aje na fomu za upimaji zenye saa pampu ilipowashwa na saa ilipozimwa. Nitaanza na hizo.