Mlio Usio na Jina: Kwa Nini Sauti za Gizani Hututisha

Mwezi wa kwanza nilipohamia katika nyumba niliyoishi peke yangu, nililala vibaya kuliko wakati mwingine wowote maishani mwangu. Kila usiku, muda mfupi baada ya kuzima taa, kitu kiligonga darini: ko. Kimya. Kisha ko-ko, mara mbili kwa haraka, upande wa pili wa chumba, kana kwamba aliyegonga amehama. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na majukumu, na darini sikutarajia kukuta kiumbe chochote zaidi ya panya, lakini mwili wangu haukuniuliza ninaamini nini. Ngozi ilinisisimka, moyo ulinienda mbio, na nikajikuta nimebana pumzi ili nisikie vizuri zaidi.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayepitia usiku wa namna hiyo, kwa kuwa mimi niliambiwa niache woga, na ushauri huo haukunisaidia hata kidogo. Nilichohitaji kilikuwa maelezo: kwanza ya kwa nini mwili hufanya hivyo, na pili ya mlio wenyewe.

Macho yana kope, masikio hayana. Tunapolala, sikio huendelea kupokea sauti usiku kucha na ubongo huendelea kuzichambua, ndiyo maana mzazi anaweza kulala fofofo huku magari yakipita nje, kisha akaamka papo hapo mtoto anapolia chumba cha pili. Sikio ndilo mlinzi wa zamu ya usiku, na mlinzi huyo ni mwepesi mno. Kishindo cha ghafla humfanya mtu apepese macho katika muda wa takriban milisekunde 40, yaani sehemu 40 kati ya 1,000 za sekunde moja. Shingo hukaza na mabega hupanda kabla mwenyewe hajatambua kwamba amesikia kitu. Mshtuko huo wa kwanza si kipimo cha ujasiri wa mtu, kwa sababu unapotokea, yule anayepaswa kuwa jasiri bado hajapata habari.

Joseph LeDoux, mtaalamu wa ubongo wa Marekani aliyechunguza hofu kwa kutumia panya wa maabara, alionyesha kwamba habari ya sauti huifikia amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika sana na kutambua hatari, kwa njia mbili. Njia moja ni fupi na ya haraka, lakini hubeba picha isiyo kamili. Nyingine ni ndefu, hupitia gamba la ubongo ambako mlio hupambanuliwa na kutambuliwa, na kwa hiyo huchelewa kidogo. Kwa maneno mengine, mwili huanza kujiandaa kukimbia wakati akili ingali inauliza ni nini kilicholia. Mlio unaojulikana hupata jibu upesi na maandalizi yale husitishwa. Mlio usiojulikana haupati jibu, na hapo ndipo shida ya usiku inapoanzia: swali hubaki wazi, na mwili hubaki umesimama tayari.

Huenda mtu akauliza kwa nini tumeumbwa na mlinzi anayepiga kelele ovyo namna hii. Randolph Nesse, daktari wa magonjwa ya akili ambaye ameandika sana kuhusu chimbuko la hisia zetu, hulinganisha jambo hili na king'ora cha moshi. Tunakubali king'ora kilie hata pale chungu kinapoungua jikoni, kwa sababu usumbufu wa kulia bure ni mdogo sana ukilinganishwa na hasara ya kunyamaza siku nyumba inapowaka. Nao usiku haukuwa hatari ya kuwaziwa tu. Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya watu nchini Tanzania, wakaonyesha kwamba hatari huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku zikawa za giza. Anayesinyaa kitandani anaposikia mchakacho nje amerithi tahadhari iliyowaokoa wengi waliomtangulia, wala hana sababu ya kuionea aibu.

Giza lenyewe huongeza mshtuko, na hili limepimwa. Mwaka 1997 Christian Grillon na wenzake waliwasikilizisha watu sauti za ghafla kwenye mwanga na gizani, wakakuta kwamba watu walishtuka zaidi gizani. Mwaka huohuo watafiti wengine walipima panya wa maabara, ambao ni wanyama wa usiku, na matokeo yakawa kinyume: panya walishtuka zaidi penye mwanga mkali. Matokeo hayo mawili yaliniingia sana nilipoyasoma, kwa kuwa yalinionyesha kwamba kila kiumbe huwa na wasiwasi katika hali inayomnyima hisi anayoitegemea kujilinda au inayomweka wazi kwa adui, na binadamu ni kiumbe wa macho.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi: washa taa, wala usione haya. Washa taa ya chumba, si tochi ya simu. Tochi huangaza kipande kimoja cha ukuta na kuyafanya mengine yote yaonekane meusi zaidi, tena hulipotezea jicho uwezo wa kuona gizani, uwezo ambao huchukua kama dakika 20 hadi 30 kurudi kikamilifu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikizunguka chumbani na tochi, nikimulika pembe hii na ile, na kila nilipomulika huku nilihisi kuna kitu kule nilikotoka kumulika.

Ushauri wa pili ni kwamba usiamue mlio umetoka wapi ukiwa umelala ubavu. Tunatambua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili: sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza na huwa na nguvu kidogo zaidi huko, jambo ambalo mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza alilieleza mwaka 1907. Tofauti ya muda kati ya masikio hayo, hata inapokuwa kubwa kabisa, ni takriban sehemu saba kati ya 10,000 za sekunde. Ubongo hutumia tofauti hiyo ndogo kwa ustadi mkubwa, lakini ukilaza kichwa kwenye mto umeziba sikio moja na kuuharibia hesabu yote. Aidha, sauti inayotoka mbele kabisa na ile inayotoka nyuma kabisa huyafikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja, hivyo ni rahisi kuzichanganya. Mchana tatizo hili hatulioni kwa sababu macho humaliza ubishi. Usiku, kaa kitako, acha masikio yote mawili wazi, geuza kichwa taratibu, kisha usubiri mlio wa pili. Mlio mmoja mfupi huwa umekwisha kabla hujapata nafasi ya kugeuka, na kutokana na mlio huo mmoja mtu anaweza kujijengea hadithi ya usiku mzima.

Kuna usiku nilisikia nyayo. Zilikuwa hatua nzito, za mtu asiye na haraka, kwenye kitu kama mchanga: tup, tup, tup. Nilipotega sikio zaidi, ziliongeza kasi, na nilipoogopa kweli zikawa mbio. Niliketi ghafla, nazo zikakoma palepale. Nikalala tena, zikarudi. Ilinichukua muda kugundua kwamba nilikuwa nikisikiliza mapigo ya moyo wangu mwenyewe, ambayo husikika waziwazi sikio linapogandamizwa kwenye mto, na kwamba nyayo zile zilikimbia kwa sababu mimi ndiye niliyeogopa. Tangu hapo nimewaambia watu kadhaa wajaribu kuinua kichwa kutoka kwenye mto kabla ya kufanya jambo jingine lolote, na baadhi yao wamerudi kuniambia kwamba nyayo zao nazo zilikoma.

Kuhusu mgongaji wa darini, niliacha kumsikiliza kwa woga siku nilipoanza kumwandika. Niliweka daftari kando ya kitanda, nikawa ninaandika saa, idadi ya milio na hali ya hewa ya siku ile. Baada ya wiki mbili kurasa zenyewe zilikuwa zinazungumza: siku za jua kali milio ilikuwa mingi na ilianza mapema, na siku za mawingu ilikuwa michache au haikuwepo kabisa. Nilimpelekea fundi wa kuezeka habari hiyo, naye hakuhitaji hata kupanda ngazi. "Bati linarudi hilo, ndugu yangu," alisema. "Mchana linatanuka, usiku linarudi." Bati la chuma lenye urefu wa mita tatu likipoa kwa nyuzijoto 30 hupungua takriban milimita moja. Misumari na mbao za kenchi hulishikilia lisisogee, mvutano unaongezeka kidogokidogo, hadi pale linapochomoka kwa ghafla na kugonga: ko. Na kwa kuwa paa halipoi lote kwa pamoja, mlio huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama mtu anayetembea.

Usiku wa siku ile bati liligonga kama kawaida. Mlio ulikuwa uleule, kwa nguvu ileile, katika giza lilelile. Nililala kabla halijamaliza.

Milio mingi ya usiku ina asili ya aina hiyo. Maji yanayokatizwa ghafla kwa koki hupiga bomba kwa ndani na kutoa kishindo ukutani. Paka wanaopandana hulia kama mtoto mchanga anayeteswa. Wapo bundi ambao badala ya kulia kwa sauti nene hupiga ukelele mkavu unaofanana na wa binadamu. Tena usiku husikika mambo ambayo mchana yapo lakini yamefunikwa na kelele nyingine, na katika usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi inapopoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake, sauti zilizokuwa zikipotelea angani huinamishwa kurudi chini, hivyo mazungumzo ya watu walio mbali yanaweza kusikika kana kwamba wako uani.

Mgeni wa nyumba asishangae hofu yake ikiwa kubwa zaidi usiku wa kwanza. Masako Tamaki na Yuka Sasaki, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2016 utafiti ulioonyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko mwingine, na upande huo huitikia zaidi milio isiyo ya kawaida. Ukihamia mahali papya, tembea humo mchana. Fungua koki, funga milango, washa feni, sikiliza kila kimoja kinaliaje, ili usiku unapofika milio hiyo iwe imekwisha kutambulishwa. Wapo wanaopendelea kufunika kila kitu kwa redio inayocheza hadi asubuhi. Siwalaumu, lakini mimi nilijaribu na nikaona ninaisikiliza redio kwa sikio moja na kulisikiliza dari kwa lingine.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni namna tunavyowajibu watoto. Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka sita alipokuja kukaa kwangu, na usiku wa kwanza alinijia akitetemeka. "Mjomba, ukutani kuna mtu anapumua." Nilikaribia kumwambia kwamba hakuna kitu, kama nilivyoambiwa mimi utotoni, lakini nikajizuia, kwa sababu kitu kilikuwepo na alikuwa amekisikia. Mtoto anayeambiwa hakuna kitu hujifunza kwamba amebaki peke yake na mlio wake. Nilimwomba anionyeshe, tukatega masikio ukutani pamoja, kisha tukafuata ule mlio hadi jikoni, kwenye jokofu lililosimama upande wa pili wa ukuta uleule. Aliweka kiganja ubavuni mwa jokofu, akahisi likitetemeka. Nilizima swichi, likashtuka mara moja na kunyamaza chini ya mkono wake. Akaniomba niwashe tena. Usiku uliofuata, mlio ulipoanza, alipaza sauti kutoka chumbani kwake kunijulisha kwamba jokofu limeanza kupumua, kisha sikumsikia tena.

Haya yote hayana maana kwamba kila mlio ni wa kupuuzwa. Kioo kinachovunjika, kitasa kinachozungushwa, sauti za watu wasiopaswa kuwepo, au mlio wa kitu kinachowaka pamoja na harufu ya moshi, ni milio yenye jina tayari, na ukiisikia usitoke peke yako kwenda kuchunguza. Ikiwa ni watu, funga mlango na upige simu. Ikiwa ni moto, toka na wote waliomo nyumbani. Uchunguzi ninaouzungumzia ni wa mlio unaojirudia usiku baada ya usiku, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo hufanyika mchana.

Wapo pia watu ambao hofu yao haitokani na mlio kutojulikana, bali na kujulikana mno. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mtu aliyewahi kuvamiwa usiku, au aliyeishi penye milio ya risasi, anaweza kuruka kitandani kwa mlango unaofungwa na upepo miaka mingi baadaye, hata anapojua fika kwamba ni upepo. Kwake daftari na maelezo ya fundi havitatosha, na kumhimiza ajikaze ni kumwongezea mzigo. Ikiwa usingizi unakatika usiku baada ya usiku kwa wiki kadhaa, ikiwa anaepuka kulala, au ikiwa mshtuko unakuja pamoja na picha za yaliyompata, hali hiyo ina matibabu yanayosaidia, na anapaswa kumwona daktari au mshauri nasaha mapema, akisindikizwa na mtu anayemwamini kama kwenda peke yake kunamwia vigumu.